Hema la Gari la Baba Limepungua Vidole Vinne

Jumapili. Rasharasha tangu alfajiri, ilikuwa inakatika na kurudi. Hadi mchana mlima tulikuwa hatujauona tangu Ijumaa. Ukitazama kutoka uwani kwetu hapa Kilakala, miti ya mwanzo wa mteremko ilikuwa inaonekana, halafu kuanzia hapo wingu tupu.

Nimechoka hadi mikono inauma. Viganja vimechunika kwa kuvuta turubai, na kuandika kwenyewe naandika kwa kidole kimoja.

Leo hema la gari la Baba lilikuwa lifungwe. Halikufunga.

Ningeweza kuishia hapo, maana habari yote ni hiyo. Lakini wale wachache mnaopita kusoma hapa mmekuwa mkiniuliza tangu mwezi wa pili, mwalimu, hema limefikia wapi? Limefikia hapa: limekuja kutoka nyuma vizuri kabisa, limepita mbavu zote za chuma, limekaribia kioo cha mbele, likagoma. Kati yake na kioo pamebaki vidole vinne. Nimepima kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa anayefika leo kwa mara ya kwanza, nieleze. Baba yangu ana gari dogo la Kiingereza, la zamani, la milango miwili na viti viwili, ambalo juu halina bati. Lina turubai lililotandazwa juu ya mbavu za chuma. Ukitaka jua unalikunja nyuma ya viti; mvua ikija unalivuta mbele na kulibana kwa komeo mbili zilizo juu ya kioo. Wenye magari yao watakuwa na jina lake. Sisi nyumbani tunaliita hema, kwa sababu Baba alikuwa analiita hema kabla sijazaliwa.

Gari hilo alilipata ujanani, alipokuwa dereva kwenye shamba la mkonge. Meneja wake, Mgiriki mmoja, alikuwa anahama nchi, na gari lile likakosa mtu wa kulitaka. Nani anataka gari la kubeba watu wawili? Baba alilitaka. Ndilo alilokwenda kumchukulia Mama kule Kinole siku ya harusi. Tumelelewa na hadithi hiyo: mashangazi walitaka hema likunjwe ili kijiji kizima kimwone bibi harusi, Baba akakataa katakata. Akalivuta, akalibana, akasema mke wake si bidhaa ya gulioni. Mama akateremka mlima mzima amejifunika, ndani ya gari lililofunikwa, na hadi uzee wake alikuwa akisema hakuona hata mgomba mmoja mpaka walipofika Bigwa. Alisema kwa kulalamika, lakini usoni alikuwa anacheka.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kuiandika.

Miaka saba iliyopita Mama aliugua, na akiwa bado na nguvu za kukaa alimwomba Baba jambo moja. Alitaka apelekwe Kinole akapaone kwao, kwa gari lao, na hema juu kama siku ile. Gari wakati huo lilikuwa limekaa bandani muda mrefu. Injini ilikuwa nzima, lakini panya walikuwa wamelitoboa hema hadi unaona bati za banda kupitia humo. Baba akasema ngoja kwanza nitengeneze hema. Akasema hivyo mwezi wa kwanza, akasema hivyo mwezi uliofuata. Alikuwa anatafuta turubai la rangi ile ile ya mwanzo, nyeusi inayoelekea buluu, na kila aliloletewa alilikataa. Mama alikufa sisi bado tunasubiri rangi.

Alipandishwa Kinole nyuma ya pikapu ya kukodi. Juu ya jeneza tulifunika turubai la kuazima, la kuanikia mpunga. Kwenye kona za juu mvua ikatushukia, upepo ukalibeba turubai. Nilikuwa nimeng'ang'ania kukaa nyuma. Pindo moja nililishika, la pili likanishinda. Baba alikuwa mbele na dereva na aliona yote kwenye kioo cha pembeni.

Tangu siku hiyo hajapanda Kinole. Sisi tukienda kusafisha kaburi na kusoma dua, yeye anabaki nyumbani. Anasema hawezi kwenda kusimama mbele ya Mama kwa gari la watu.

Na sasa macho. Baba ana presha ya macho. La kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Mwezi wa kwanza daktari alituambia ukweli kwa upole: dawa zinachelewesha, hazizuii. Tulipotoka nje Baba alikaa kwenye benchi la wagonjwa akavaa kofia yake vizuri, akasema, "Nipeleke Kinole jicho likiwa bado lipo. Kwa gari letu. Na hema."

Nikamwambia mwalimu mwenzangu ana Noah, kesho tu anatupeleka na kuturudisha.

"Nenda wewe," akanijibu.

Basi nikaanza kumtafuta fundi. Morogoro hii ukitaka kurekebisha injini utapata mafundi hadi uwakimbie. Fundi wa hema la gari la namna ile hayupo. Niliyempata ni Fundi Salumu, anayeshona viti na maturubai ya bajaji upande wa Msamvu, mtu mzima, mtaratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuja hapa nyumbani, akalizunguka gari mara mbili, akaguna.

"Mwalimu, gari hili sijawahi kulishonea," alisema. "Lakini turubai ni turubai. Utanibandulia hili la zamani, uniletee, nilifumue nikatie jipya juu yake. Lilete hivyo hivyo lilivyo."

Hivyo hivyo lilivyo. Nilimsikia vizuri. Wala sitasingizia masikio.

Lakini jamani, nani kati yetu amelelewa kupeleka kitu kichafu kwa fundi? Mama alikuwa anaturudisha njiani tukipeleka sketi kwa cherehani ikiwa na jasho. Fundi ataishika, ataiweka mapajani, atainamisha uso juu yake. Ukimpelekea uchafu umemtukana. Na mtu akikuambia lete hivyo hivyo, unajua ni ustaarabu wake tu. Ni kama mgeni anayesema usijisumbue, mimi nimeshiba, na wewe tayari uko jikoni unawasha jiko. Humwachi mgeni na njaa eti kwa kuwa amesema ameshiba. Kwa hiyo niliposikia "hivyo hivyo lilivyo" nilisikia mtu mwenye adabu, nikaamua na mimi nimwonyeshe adabu.

Turubai lilikuwa na mkojo wa panya, mavi ya popo, ukungu, vumbi la miaka. Nikalifua.

Nililifua kwa maji ya moto. Nililoweka na sabuni mara mbili, nikalipiga brashi pande zote, nikalisuuza hadi maji yakatoka meupe, nikalianika juu ya ua. Mwezi wa pili ule, mnaukumbuka, jua lilikuwa linachoma hadi mbwa hawabweki. Lilikaa juani siku mbili. Lilipokauka lilikuwa safi, laini, linanukia. Nikalikunja kama shuka na kulipeleka Msamvu ndani ya mfuko, najiona mtu wa maana sana. Fundi Salumu alilipokea, akalipapasa, akasema kumbe halikuwa bovu hivyo. Nikatabasamu. Nilitaka anisifu, akanisifu.

Sasa nicheke au nilie, sijui. Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu. Kila mwaka somo la kwanza la ushonaji ninaandika ubaoni kwamba kitambaa cha pamba husinyaa kikikutana na maji ya moto, kwa hiyo kifuliwe kabla ya kukatwa. Wasichana wanaandika madaftarini. Kwenye mtihani nauliza, na anayekosa namfanya arudie. Turubai lile lilikuwa pamba tupu. Lilikuwa limekaa miaka yote limevutwa juu ya mbavu za chuma, mvua inalipiga likiwa limebanwa, haliwezi kurudi nyuma hata kidogo. Mimi nikalitoa kwenye mbavu zake, nikaliachia, nikalichemshia maji.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Si kwamba sikuwa na elimu ya jambo hilo.

Kuna jingine, na nikishaanza kuungama acha nimalize. Mwezi ule ule wa pili Fundi Salumu alinipa ushauri. Alisema, mwalimu, kazi hii itachukua muda, na wewe unasema mzee ana haraka. Nikuwekee kwanza hema la plastiki, hili la bajaji, nilikatekate likaekae tu, mzee aende akarudi. Halafu tutulie tushone la maana.

Nikakataa. Nilimwambia Baba ana msimamo na vitu vyake, hawezi kukubali. Ukweli ni kwamba niliona gari la Baba likipita mjini na plastiki ya buluu juu, watu niliowafundisha wananiangalia, na mimi nikaona haya. Tena nilikuwa nimeshaipanga picha ya kuweka hapa kwenye blogu: gari, hema jipya la rangi ile ile, Baba na kanzu yake, mlima nyuma. Nilikuwa nimeshapata hadi maneno ya kuandika chini yake. Ndugu yangu wa Kariakoo alizunguka maduka wiki nzima akitafuta ile nyeusi inayoelekea buluu, na alipoipata, kipande cha mwisho dukani, nilishangilia kama nimepandishwa cheo.

Siku zile hapakuwa na mvua. Njia ya Kinole ilikuwa kavu hadi juu. Jicho lilikuwa linaona.

Sijui kama Baba angeikubali plastiki. Sikumuuliza.

Basi leo. Baba aliamka kabla ya adhana, akaoga, akavaa kanzu, akaja kukaa barazani na mfuko wa ubani miguuni. Tulikuwa tumepanga hema likifunga tuswali adhuhuri, tuondoke. Aliniuliza mara tatu kama mafuta yapo. Yapo. Aliniuliza nani ataendesha. Mimi, Baba. Akasema basi kwenye kona niwe napiga honi.

Fundi Salumu alifika saa mbili, hema jipya begani limekunjwa ndani ya nailoni asije akaloanisha kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mnalivisha?"

"Leo tunalivisha, mzee. Inshallah unaondoka nalo."

Alipolikunjua nilijisikia moyo unapanda. Mishono miwili miwili iliyonyooka. Kidirisha cha plastiki cha nyuma kinang'aa kama maji. Pindo zote zimekunjwa mara mbili, na kwenye pembe zile zinazosuguana na chuma ameweka ngozi kwa ndani. Mtu wa bajaji, ambaye hajawahi kuligusa gari kama hili. Tulianza nyuma kama inavyotakiwa, akapiga ribiti moja moja, akahakikisha kidirisha kiko katikati, halafu tukaanza kulileta mbele juu ya mbavu. Ubavu wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu nikaona Fundi Salumu ameanza kupima kwa macho.

Tulivuta. Tukapumzika, tukavuta. Akasema labda baridi ya leo imelikaza, tungoje jua kidogo. Jua halikuja. Akasema basi tulikande kwa maji ya moto lilegee. Aliposema maji ya moto, nilitazama chini. Nilikuwa nimeshaelewa kufikia hapo, lakini bado nilikwenda jikoni nikachemsha maji, nikaleta, nikashika upande wangu, nikavuta kwa uzito wangu wote, mguu nimeukita mlangoni. Ndipo mshono wa kando ya kidirisha ukalia. Ulilia tu, haukukatika, lakini Fundi Salumu aliachia papo hapo kama aliyeungua.

Akavua miwani. Akalishika pindo la hema, akalitazama, akatazama zile mbavu.

"Mwalimu, samahani, nikuulize. Lile la zamani ulilifua?"

"Nililisuuza," nikasema.

"Kwa maji ya moto?"

Nikayatazama yale maji niliyoyaleta. Akakaa juu ya sanduku lake la vifaa.

"Ndiyo maana nilikuambia lilivyo," alisema polepole. "Niliona safi nikadhani umelipangusa vumbi."

Afadhali angenifokea. Kazi ya wiki zote zile, macho yake yale na miwani ile ya uzi, mimi nimeiharibu kabla hajashika mkasi. Badala yake akaanza kuniomba radhi yeye. Alisema kosa lake, angekuja kupima kwenye mbavu zenyewe, asiamini kitambaa peke yake. Nikamwambia hapana, Fundi, kosa si lako. Akasema hapana, fundi ndiye anayepima. Tukawa tunanyang'anyana lile kosa, na Baba yuko barazani, kanzu yake, ubani wake, amegeuzia sikio upande wetu.

Niliuliza kama anaweza kuongezea kipande mbele. Hawezi. Halikupungua mbele tu. Pembeni nako limepungua, matundu ya vifungo hayakutani na vifungo, na kipande cha kuunga pale juu ya kioo ndipo upepo wote unapopiga. Alisema kitafumuka kabla hatujafika Bigwa. Linatakiwa jipya, lipimwe juu ya mbavu. Nikampigia simu ndugu yangu wa Kariakoo. Turubai lile limekwisha. Mwenye duka anasema lingine litakuja baadaye. Nikamuuliza baadaye lini. Akasema, dada, baadaye.

Plastiki je? Nikauliza, na haya zangu zote leo zimekwenda wapi sijui. Fundi Salumu akasema plastiki anayo, lakini kwa mvua hii na zile kona hawezi kunidanganya kwamba itakaa. Kwenye jua lile la mwezi wa pili, sawa. Hakusema neno hilo kwa kunisuta. Alisema kama fundi anavyosema.

Nikamwomba asimwambie Baba. Akamuaga kwa heshima, akasema anakwenda kuswali, akaondoka na sanduku lake. Hema tuliliacha vile vile, limevutwa hadi lilipofika, komeo mbili zinaning'inia.

Nilikuwa bado nimesimama pale nilipomsikia Baba anakuja. Alikuja akipapasa ukuta, kisha akavuka uwanja mikono mbele, akaligusa gari kwa nyuma. Akalipapasa hema kuanzia pale. Alifuata mshono kwa kidole kutoka pembe hadi pembe, akakigonga kidirisha kwa kucha. Sijamwona na uso ule tangu Mama yupo.

"Kitambaa kizuri," akasema.

"Kizuri, Baba."

"Limefunga?"

Nilimwambia limefunga.

Sijui kwa nini. Nilidhani labda ataridhika na kurudi barazani, halafu mimi nitapata muda wa kufikiri. Badala yake akaupapasa mlango, akaufungua, akaingia upande wa dereva, pale alipokaa miaka yote. Akashika usukani. Mimi nikazunguka nikaingia upande wa pili, kwenye kiti cha Mama, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Ndipo mvua ikarudi, safari hii mvua hasa. Mwanzoni ilipiga juu ya hema, na ilikuwa sauti nzuri, nakiri. Halafu tone la kwanza likaanguka juu ya usukani. La pili likaanguka kwenye goti lake. Halafu yakawa mengi, maji yanashuka kwa mstari kutoka pale pengoni, kanzu inamgandia mapajani.

Baba hakushtuka. Aliinua mkono, akaufuatisha ukingo wa hema hadi ukakutana na hewa. Akaingiza kidole kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Nilikuwa nahesabu pamoja naye. Halafu akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Mama yako aliloa hivi hivi," akasema.

Nilimwambia yote. Nililia na nikamwambia: maji ya moto, sabuni, jua, plastiki niliyoikataa. Alisikiliza bila kugeuka. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama nililifua kwa mkono. Nikasema kwa mkono. Akatikisa kichwa taratibu. "Mama yako naye angelifua," akasema, na hapo nikalia zaidi.

Nikamwomba aingie ndani atapata homa. Akakataa. Aliupangusa usukani kwa kiganja, halafu akasema kitu ambacho sikutegemea kukisikia kwake maisha yangu yote.

"Nimemngojesha mama yako kwa ajili ya hema, akafa. Sasa najingojesha mwenyewe. Tutakwenda hivi hivi. Mlima ukijifunua tujue mvua imekatika, tunaondoka. Nikiloa, nimeloa."

Nilimshika mkono. Kwa muda kidogo niliamini. Nilianza hata kufikiria njia, kwamba tope litaanzia wapi, kwamba gari likikwama tutaomba watu wa kusukuma, kwamba nitamwekea mwavuli pengoni.

Tukakaa tukingoja. Gari limeelekezwa mlimani. Baba hutaka liegeshwe hivyo siku zote. Mvua ikapungua, ikawa rasharasha, ikaisha. Migomba ya jirani ikaacha kutikisika. Wingu likaanza kupanda kutoka chini, polepole, likafunua mashamba ya chini, likafunua miamba, likafunua msitu. Kupitia pale pengoni, juu ya kioo, nikauona mlima wote hadi kileleni, kijani kibichi, na vijito vyeupe vinateremka. Jua likauchoma kwa upande. Sijauona mlima ukiwa wazi hivyo mwaka huu.

Ijumaa asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, Baba alinionyesha kwa kidole nyumba moja ya bati jipya kule juu mteremkoni, akaniuliza ni ya nani. Ijumaa hiyo hiyo. Siku mbili zilizopita.

Sasa alikuwa ameuelekezea mlima uso mzima, amekunja paji, jicho la kulia limefunguka kabisa, na jua linampiga usoni.

"Bado umejifunika?" akaniuliza.

Nilimtazama. Nilitazama mlima. Nikisema umefunguka, tunaondoka, na nitakuwa nimemwambia kwa neno hilo hilo kwamba jicho limekwisha. Nikisema bado, hatuendi.

"Bado, Baba."

Akatikisa kichwa. Akasema basi tungoje kesho. Nikamsaidia kushuka, nikamwingiza ndani, nikambadilisha kanzu. Mfuko wa ubani amesema niuache ndani ya gari, usisahauliwe asubuhi.

Hiyo ndiyo Jumapili yangu. Mwalimu wa sayansi kimu, muungwana, mwenye adabu kwa mafundi, na mwongo mara mbili kwa siku moja.

Nimetoka kuswali magharibi sasa hivi. Huko nje kweupe, hakuna hata wingu moja, mlima umesimama kama umepigwa pasi. Baba ataamka alfajiri, atakuja barazani, ataniuliza. Sijui hadi lini nitaweza kumjibu "bado".

Nilichoomba kwenye dua naona haya kukiandika, lakini nimeshaandika mengine yote. Nimeomba kesho mlima usionekane.